Treni ya Waya au ya Kompyuta? Vidokezo kwa Wapenda Reli wa Arua na Koboko

Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, ikaishia hapo. Anayetaka treni Arua au Koboko, basi, ajitengenezee.

1. Pima chumba kwanza. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni 1:87. Kwa hicho, kilomita moja inakuwa mita 11 na nusu. Njia ya Gulu hadi Pakwach ingezidi kilomita nzima! Safari ndefu waachie wa kompyuta. Mezani jenga stesheni moja tu, Pakwach yenyewe, lori za tumbaku zikisubiri kushusha mzigo.

2. Usikimbilie seti ya ng'ambo. Usafirishaji na ushuru vitakutoa jasho, na kipuri kikivunjika hapa mjini hakuna wa kumuuliza. Isitoshe, seti nyingi zinaiga reli za Ulaya, zenye upana wa milimita 1,435. Reli yetu ya zamani ni milimita 1,000, kwa hiyo kwa 1:87 inataka njia ya milimita 12, si ile ya 16.5 inayouzwa kila mahali.

3. Kunja waya. Watoto wa huku wanatengeneza lori za waya zenye usukani unaogeuza magurudumu, sembuse treni! Anza na injini ya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, iliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilijengwa 34, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Ina urefu wa karibu mita 32. Yako, kwa 1:87, itakuwa sentimita 36 hivi. Uzuri wake ni kwamba ina vipande vitatu: tangi mbele, boila katikati, tangi na mafuta nyuma. Mkebe mrefu ndio boila, katoni ndiyo matangi, ndala iliyochakaa inatoa magurudumu. Mota si lazima, mkono unatosha.

4. Kompyuta? Sawa, lakini ya pili. Open Rails, programu ya kuendesha treni, ni ya bure, na ukishaipakua haili bando. Trainz, nyingine ya aina hiyo, inakuruhusu kuchora njia yako mwenyewe, vilima na madaraja pamoja. Umeme ukikatika, betri ikaisha, safari imekwisha. Ya waya haijui mgao.

5. Ukifika Nairobi, pita makumbusho ya reli ukiwa na futi. Garratt ya daraja hilo la 59, iitwayo Mount Gelai, imesimama pale. Ipime mwenyewe, maana picha hazionyeshi vipimo.