Dawa ya Shambani Isiingie Chumbani

Matufaha mengi yauzwayo kandokando ya Jules Street hutoka mbali, katika mashamba ya Ceres na Grabouw, jimbo la Western Cape. Huko adui mkubwa wa mkulima ni kiwavi wa nondo, atobowaye tunda hadi kwenye mbegu. Hupigwa vita kwa dawa za kemikali, na pia kwa dawa za kibiolojia, kama vile kirusi kimwuacho kiwavi akilapo ganda lililonyunyiziwa, bila kumdhuru mwanadamu. Mnyunyizaji wa kemikali hutakiwa kuvaa glavu na barakoa, kisha siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite ndipo matunda yachumwe. Nawe osha tufaha kwa maji yatiririkayo, ukilisugua, kabla ya kumpa mtoto.

Chumba cha kupanga hapa Jeppestown, ambamo familia hupika na kulala, si shamba. Hakina upepo wa kupeperusha sumu. Hata hivyo, sumu za kilimo huuzwa mitaani kwa ajili ya mende na panya, zikiwa zimemiminwa katika chupa za soda au kufungwa katika vifuko visivyo na jina. Mnamo Oktoba 2024 watoto sita walifariki Naledi, Soweto. Uchunguzi ulibaini terbufosi, sumu iliyoruhusiwa kwa kilimo pekee. Juni 2025 Baraza la Mawaziri liliridhia ipigwe marufuku. Lakini marufuku humsaidiaje mnunuzi wa chupa isiyo na lebo?

Dawa halali huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi L, pamoja na kutajwa kwa Sheria Na. 36 ya mwaka 1947. Tazama pia mkanda wa rangi kwenye lebo: kijani ni hatari ndogo, nyekundu ni hatari kuu, na yenye nyekundu haifai nyumbani kamwe. Kwa mende, ziba nyufa, funika chakula na taka, kausha sinki usiku, kisha tumia chambo kilichosajiliwa mahali mtoto asipofikia. Kwa panya, mtego hutosha.

Mtu aliyepata sumu ya aina hii hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka na pumzi huwa nzito. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizochafuka na umwoshe ngozi kwa sabuni na maji, nawe ukiwa umevaa glavu. Piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Ushauri kuhusu sumu hutolewa saa 24 kupitia 0861 555 777. Chukua chupa au kifuko uende nacho hospitalini.

Usikawie kwa kuhofia kuulizwa vibali. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.