Geti Likifunguka Tu, Mbwa Katoka Nduki

Pembezoni mwa Dar es Salaam nyumba zimeingia porini kabla pori halijaondoka. Kuanzia Bunju, Mabwepande na Madale upande wa Kinondoni, hadi Mbagala, Chamazi na kule Kigamboni ambako kabla ya 2016 kulihesabika kuwa Temeke, mtu akimaliza kupaua nyumba hununua jemani shepadi wa kulinda. Miezi michache baadaye anagundua kwamba mlinzi wake ana shughuli nyingine: ngedere, nguchiro, kenge, na kuku wa jirani pale pori linapokosa cha kukimbiza. Daktari wa mifugo ambaye pia hufundisha mbwa anajibu maswali ya wasomaji.

Shikamoo daktari. Jemani wangu ana mwaka mmoja na nusu, tunaishi Mabwepande. Ndani ya uzio ni mtii kuliko wanangu. Lakini geti likifunguliwa gari lipite, akiona ngedere anatoka nduki, simuoni hadi jioni. Naita mpaka sauti inanikauka. Ni kiburi?

Marahaba, mama. Si kiburi. Mbwa aliyekwisha kuanza kukimbiza ni kama hana masikio. Sauti yako inamfikia, lakini haina uzito wowote mbele ya kile anachokiona.

Uwindaji wa mbwa huenda kwa mfuatano: anaona, anakodoa, ananyemelea, anakimbiza, anakamata, anaua. Watu waliofuga mbwa wa kuchungia kondoo walichagua, kizazi baada ya kizazi, wale wenye moto mkali katika hatua za mwanzo na ubaridi katika zile za mwisho. Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha jemani shepadi huko Ujerumani mwaka 1899, alikusanya mbwa wa wachungaji ambao kazi yao ilikuwa kupita mpakani mwa malisho, kwenda na kurudi kutwa nzima, ili kondoo wasiingie katika mazao ya watu. Huyo ndiye uliyemnunua. Sasa anashinda bandani tangu alfajiri, hana kondoo wala mpaka. Ngedere akiruka ukutani, kwa mbwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuonekana tangu asubuhi.

Tena kazi hiyo ina malipo papo hapo, kwani mbio zenyewe ndizo utamu. Hata asipokamata kitu, amekwisha kulipwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "mwache akimbize, atachoka mwenyewe". Hachoki. Kila safari anayofanikiwa kutoroka inamfundisha kutoroka vizuri zaidi.

Kwa hiyo anza na geti kabla ya mbwa. Mbwa afungwe au aingizwe bandani kwanza, ndipo geti lifunguliwe, na mlinzi na dada wa kazi waelewe kwamba hilo halina mjadala. Ukiweza, jenga kizuizi cha wavu chenye mlango mdogo nyuma ya geti kubwa, ili kukifunguka hapa kuwe kumefungwa pale. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako anaweza kazi hiyo. Wengi hutafuta mwalimu wa mbwa miezi mitatu wakati tatizo zima lilikuwa geti.

Akirudi namchapa ili ajue kosa lake, lakini naona hajifunzi. Nimchape zaidi? (Chamazi)

Hapana, mzee wangu. Mbwa huunganisha kipigo na jambo la mwisho alilofanya, na jambo la mwisho alilofanya ni kurudi kwako. Umemfundisha kwamba kurudi kunauma. Kesho atachelewa zaidi, na keshokutwa atasimama mita ishirini akikuangalia. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuruhusu kumtesa mnyama kwa kisingizio cha kumfundisha. Akirudi, hata kama moyoni unachemka, mpokee vizuri na umpe kitu.

Basi nimfundisheje kurudi? Nieleze hatua kwa hatua, nina muda wa asubuhi tu. (Madale)

Asubuhi inatosha, ndiyo saa nzuri. Kwanza tafuta ishara mpya. Jina lake na neno "njoo" vimekwisha kuchakaa kwa kuitwa bila kuitika. Nunua filimbi ya refa. Ndani ya uzio, mbwa akiwa karibu, piga mara moja na hapo hapo mpe kipande cha firigisi au maini yaliyochemshwa. Usimpe ugali wa dona, huo anaujua, ni chakula cha kila siku. Malipo ya kushindana na ngedere lazima yawe nyama. Rudia mara chache kwa siku, kwa juma zima au zaidi, mpaka filimbi ikilia ageuke kabla hajafikiri. Na usiipulize kamwe pale unapojua hatakuja. Filimbi iliyopuuzwa mara tano haina tofauti na jina.

Halafu nje, kwa kamba ndefu ya mita kumi hadi kumi na tano. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Mbwa wa kilo thelathini na tano akifika mwisho wa kamba akiwa mbio, shingo ndiyo itakayoumia. Vaa glavu za ujenzi, maana manila huchuna viganja vibaya. Kamba hii si ya kumvutia. Iko pale kuhakikisha kwamba hata akikosea, hapati mbio.

Sasa umbali. Ukimpeleka chini ya mwembe wenye ngedere ishirini siku ya kwanza, umepoteza asubuhi. Simama mbali, mahali ambapo anawaona, masikio yamesimama, lakini bado anakubali kupokea nyama mkononi. Akiikataa, mmekaribia mno, rudini nyuma. Subiri. Itakuja nukta ndogo ambayo anageuza jicho au sikio kukuelekea. Piga filimbi hapo hapo, wewe mwenyewe kimbia kuelekea upande wa pili, naye akikufikia mlipe. Watu huona aibu kukimbia barabarani mbele ya bodaboda wanaowacheka. Wacheke tu.

Kwa mbwa wa kuchunga nyama peke yake mara nyingi haitoshi, kwa sababu anachodai ni mbio. Basi mpe mbio zako. Funga kamba ya mita mbili kwenye fimbo, mwishoni funga tambara, ulizungushe ardhini alikimbize. Katikati ya mchezo simamisha tambara, mwamuru alale chini, akilala tu lianze tena kukimbia. Atajifunza jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kwamba kusimama ndiko kunakoleta mbio nyingine. Mbwa wanaofundishwa Usa River, Arusha, katika mradi wa African Wildlife Foundation wa kunusa pembe za ndovu viwanja vya ndege na bandarini, huchaguliwa kwa uchu huo huo, na malipo yao ni kuchezewa mpira. Yule anayemshinda mtu nyumbani ndiye anayetafutwa huko.

Ongeza ugumu polepole: mbali kisha karibu, ngedere aliyekaa kisha anayekimbia. Hesabu miezi, si siku. Kamba usiivue mpaka zimepita wiki nyingi bila kosa, na ukiivua uwe mahali penye uzio.

Jirani ameniambia nimfunge kuku mzoga shingoni. Mwingine anasema ninunue kola ya umeme. Kipi bora?

Hakuna. Kuku anayeoza shingoni katika joto la Dar huleta funza na aibu, na mbwa huzoea harufu. Kola ya umeme ni hatari ya aina nyingine: ukibonyeza wakati mtoto wa jirani anapita, mbwa atadhani mtoto ndiye aliyemchoma, na hapo umetengeneza mbwa wa kung'ata. Wales waliipiga marufuku mwaka 2010. Najua kuna wakufunzi wanaoitetea, na baadhi yao wana mikono mizuri kuliko yangu. Lakini rimoti hiyo haitakaa mkononi mwa mkufunzi, itakaa kwa mlinzi wako.

Nilisikia mbwa wa kuchunga hawaui. Wangu wawili wameleta paa kutoka vichaka vya upande wa Pande. Vijana wanataka kumpika.

Wazuie kwanza, tuzungumze baadaye. Paa ni mnyamapori, na nyama yake mikononi mwako bila kibali ni nyara ya serikali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hilo ni kosa zito, na kusema "mbwa ndiye aliyeleta" ni utetezi ambao nisingependa kukusikia ukiutoa mahakamani. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya au kwa askari wa TAWA wanaolinda Pori la Akiba Pande. Nyamapori halali ipo siku hizi, kwenye mabucha yenye leseni.

Kuhusu kuua: ubaridi niliousema katika hatua za mwisho haukuwa wa uhakika hata zamani, na jemani wengi wanaouzwa mjini wamezalishwa kwa ajili ya ulinzi, yaani meno yamerudishiwa moto. Kubwa zaidi ni neno lako "wawili". Mbwa mmoja hukimbiza. Wawili huwinda: mmoja anazunguka, mwingine anakata njia. Usiwatoe pamoja, wala usiwafundishe pamoja, mpaka kila mmoja ameiva peke yake.

Nikimtoa asubuhi akachoka, usiku atalinda? Na akizoea watu, si atakuwa mpole kwa wezi? (Kigamboni)

Swali hili naulizwa kuliko yote, na ndilo linalowaponza mbwa wa Dar. Desturi yetu ni kumfungia mchana ili "awe mkali", kisha kumfungulia usiku. Tunachopata ni mbwa aliyelimbikiza nguvu za kutwa nzima, anayebweka paka, popo na majani ya mnazi, mpaka mwenye nyumba anajifunza kutomsikiliza. Mwizi akija kweli, nani ataamka?

Mtoe alfajiri, saa kumi na moja na nusu hivi, au jioni jua likizama. Jemani ana manyoya ya tabaka mbili, na Januari hadi Machi mchana wetu unaweza kumuua kwa joto akiwa katikati ya mbio. Nusu saa ya matembezi ya kamba na dakika kumi za tambara zinatosha kumtuliza. Atalala mchana, na usiku masikio yatakuwa kazini kama kawaida. Kulinda mpaka ni asili yake, hahitaji kuteswa ili akumbuke. Mtawanyie chakula kwenye nyasi badala ya sufuria, akitafute kwa pua. Mbwa anayetumia pua nusu saa huchoka kuliko aliyezunguka uwanja. Na akizoea watu wa kawaida, ndipo atakapomtambua asiye wa kawaida.

Kuhasi kutasaidia?

Kwa dume anayetoroka kufuata majike, ndiyo. Kwa anayekimbiza ngedere, hapana.

Kwani kuna ubaya gani? Ni ngedere tu, tena wanatumalizia mapapai. (Bunju)

Mapapai nakuelewa. Lakini fikiria anachokutana nacho mbwa wako gizani. Misitu iliyobaki kando ya jiji letu, Pande pamoja na Pugu na Kazimzumbwi, ni kati ya mahali pachache sana duniani anapoishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa gramu sitini hivi, ambaye hutafuta wadudu chini chini vichakani. Mbwa aliyefunguliwa usiku hawezi kumtofautisha na panya.

Magonjwa nayo hupita pande zote mbili. Mwaka 1994 kirusi cha homa ya mbwa, kilichohusishwa na mbwa wa vijiji jirani, kiliingia Serengeti na kuua karibu theluthi ya simba. Upande wa pili, nguchiro au mbweha mwenye kichaa anaweza kumng'ata mbwa wako porini, na mbwa akakuletea nyumbani. Chanjo ya kichaa anaanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Ameshatoroka sasa hivi. Nifanye nini?

Usimfukuze, utamfanya adhani mnakimbia pamoja. Kama bado anaonekana, piga filimbi na ukimbie kuelekea nyumbani. Kama ametokomea, acha mtu mmoja getini, maana wengi hurudi kwa njia waliyotokea, wewe zunguka taratibu na uwaulize bodaboda kijiweni. Wao huona kila kitu. Akirudi, mpokee kwa nyama, mfunge, kisha umkague. Akihema bila kukoma na ulimi umekuwa mwekundu sana, mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpe ya kunywa kidogo kidogo, na umlete. Akifumba jicho na kulikuna, huenda swila amemtemea: suuza kwa maji safi mengi, dakika kumi na tano au zaidi, kabla hata ya kunipigia simu. Miiba ya nungunungu usiikate wala usiivute mwenyewe. Kupe mtafute masikioni na kati ya vidole, leo na kesho kutwa, kwa sababu wadogo hawaonekani mpaka wameshiba.