Kusema "by train" ukitokea mji usio na treni

Hapa mtaani kwetu Murara, Goma, hakuna reli. Mtoto anakua akijua pikipiki, tunayoiita moto, chukudu, yaani kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, na boti ya Bukavu. Treni anaikuta darasani, kwenye kitabu cha Kiingereza. Mimi pia niliijua kwa maneno kabla sijaipanda, na maneno yenyewe niliyajua vibaya.

Nililitambua hilo Mombasa. Nilikuwa nimetoka Nairobi kwa Madaraka Express, treni iliyoanza mwaka 2017, safari ya kama saa tano. Dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni akaniuliza nimefikaje. Nikajibu: "I came with the train." Akanyamaza kidogo, kisha akarudia swali kwa Kiswahili. Iliniuma.

Kosa hili linatoka kwenye mazoea yetu. Sisi husema "nimekuja na moto", "nimekuja na boti", basi ile "na" tunaigeuza "with". Lakini "with" ni ya mtu uliyeandamana naye, au kisu ulichoshika mkononi. Safari inataka "by", na baada yake jina tupu: by train, by bus, by boat. Usiweke "the", wala "a", wala "my", kwa sababu unataja aina ya usafiri tu. Hujasema treni ipi.

Ukitaka kusema treni yenyewe, ile ya asubuhi uliyokutana na mtu ndani yake, "by" inaondoka: on the train. Hapa Kifaransa cha shule kinasaidia nusu tu. "En train" ni "by train" bila shida, ila "dans le train" itakuvuta useme "in". Shika "on". Teksi ndiyo yenye "in".

Usingoje reli ifike ndipo ujizoeze. Niliporudi nyumbani, kila jioni nilichukua safari ya mtu wa mtaani nikaitungia sentensi mbili kwa sauti. Jirani yangu muuza vitenge ameenda Bukavu: "She went by boat." Kisha: "She met her cousin on the boat." Ya kwanza ya aina, ya pili ya chombo chenyewe, daima kwa jozi. Majuma mawili baadaye nikaweka treni mahali pa boti, na ulimi haukukwama.

Safari ya pili, dereva wa teksi pale Miritini, kwenye kituo cha treni cha Mombasa, aliniuliza swali lile lile.

"By train," nikasema.

Maneno mawili, bila "I came". Akaitikia kwa kichwa, akapokea begi langu.