Fulu wa Ziwa Viktoria: Uteuzi Asilia na Mtiririko wa Jeni

Katika fuo za Homa Bay na Migori, tangu Mbita hadi Muhuru, samaki wadogo wa jamii ya sikilidi huitwa kwa jina moja la Kijaluo: fulu. Upande wa Tanzania huitwa furu. Jina hilo moja limebeba mamia ya spishi, nyingi zikiwa hazipatikani penginepo duniani. Makala haya yanaonyesha jinsi spishi zinavyoweza kutoweka bila samaki wake kuvuliwa wala kuliwa.

Mtiririko wa jeni ni hali ya jeni za kundi moja la viumbe kuingia katika kundi jingine kwa njia ya kuzaliana. Uteuzi asilia nao ni hali ya mazingira kuwapendelea viumbe wenye sifa zinazowafaa, wakazaa kuliko wenzao. Nguvu ya kwanza huchanganya. Ya pili huweza kutenganisha.

Mfano bayana umo katika eneo la Mwanza, ziwani humo humo. Pundamilia pundamilia, ambaye madume wake ni wa buluu, huishi karibu na uso wa maji. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana madume wekundu na huishi chini zaidi, ambako mwanga uliosalia ni mwekundu. Macho ya kila spishi yameteuliwa kulingana na mwanga wa makao yake, na jike humchagua dume amwonaye vyema. Kisiwani Makobe, penye maji maangavu, spishi hizi zimetengana. Kisiwani Luanso, penye maji ya matope, rangi hazibainiki na samaki wamekuwa chotara. Ole Seehausen na wenzake walieleza athari hiyo ya maji machafu mwaka 1997.

Hata hivyo, uchotara wenyewe si laana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulibainisha kwamba fulu wa ziwa hili walitokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale. Mchanganyiko ulileta utajiri wa jeni, uteuzi ukaupambanua. Hasara huja pale maji yanapotiwa giza, uteuzi ukakosa cha kupambanulia.

Ghuba ya Winam, inayopakana na Homa Bay, imechafuliwa na udongo na mbolea zinazoletwa na mito. Mvuvi ataendelea kuvua fulu na kuwaita fulu, ilhali spishi kadhaa huenda zikawa zimegeuka moja. Kwa hiyo, inawapasa wanaleksikografia kukusanya mapema majina yote ambayo wavuvi hutumia kuwatofautisha samaki hawa, kwani jina la jumla hudumu hata kilichobebwa nalo kinapopungua.