Skuta ya Umeme kwa Mwenye Ulemavu: Pima Njia Kabla ya Kuuliza Bei



Anayetoka katikati ya jiji kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta huanza kupanda mlima akishavuka Uhuru Highway. Haile Selassie Avenue humpeleka juu hadi Community, kisha Ngong Road humfikisha karibu na hospitali. Anayetembea kwa miguu hutoka jasho tu. Kwa anayetumia skuta ya umeme, mlima huo wa Upper Hill ndio utakaoamua kama atafika kliniki au betri itamwishia njiani.

Skuta tunayoizungumzia si pikipiki. Ni kigari cha mtu mmoja chenye kiti, usukani, betri na magurudumu 3 au 4. Humfaa mtu asiyeweza kutembea mbali, lakini anayeweza kuketi wima na kushika usukani kwa mikono miwili. Asiyeweza hayo huenda akafaidika zaidi na kiti cha magurudumu cha umeme. Mtaalamu wa fiziotherapia akupime kwanza.

1. Kuchagua

Kigari cha magurudumu 3 hugeuka vizuri ndani ya lifti na ofisi. Cha magurudumu 4 hutulia zaidi kwenye mteremko na kando ya barabara iliyobomoka. Umbali ulioandikwa na mtengenezaji hupimwa kwenye njia tambarare na betri mpya. Kwa milima yetu, panga safari yako kwa nusu ya umbali huo, kwenda na kurudi.

Mwombe muuzaji akuonyeshe wenzo wa kuachilia mota. Ukivutwa, kigari husukumwa kwa mkono, lakini breki ya mota haishiki tena. Usiuguse kamwe ukiwa mlimani.

2. Kumudu gharama

Anza na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utapimwa katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha utasajiliwa na kupewa kadi. Aliyesajiliwa anaweza kuomba msaada wa kifaa cha kujongea kupitia mfuko wa maendeleo wa Baraza. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka wa 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na baiskeli za magurudumu matatu hapa nchini. Kwa wengi, kifaa cha aina hiyo hugharimu kidogo na hutengenezeka kwa urahisi kuliko skuta.

Ukiagiza kutoka ng'ambo, ulizia msamaha wa ushuru kabla mzigo haujasafirishwa. Weka pia akiba ya betri, kwa kuwa betri huchoka mapema kuliko kigari chenyewe.

3. Kusafiri

Kwa matatu au teksi, chagua skuta inayofunguka vipande, na ujue uzito wa kipande kizito kuliko vyote: ni nani atakayekiinua? Kwa ndege, zungumza na shirika la ndege mapema. Kanuni za kimataifa huruhusu betri ya lithiamu inayotolewa kwenye kigari isiyozidi wati-saa 300. Kigari kikitumia betri 2, kila moja isizidi 160. Betri iliyotolewa hubebwa ndani pamoja na abiria, si kwenye mizigo. Hesabu yake ni rahisi: volti 24 mara ampia-saa 10 ni wati-saa 240.

4. Haki yako

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia ifaayo, kutumia usafiri wa umma na kupata vifaa vya kumsaidia. Mwenye jengo naye ana wajibu. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda ihitaji sentimita 12 za njia. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, si ubao mfupi uliotupwa mlangoni.

Zoezi

Kabla ya kununua, pita njia yako ya kila wiki pamoja na mtu wa nyumbani. Andikeni milima, ngazi, upana wa lifti na mahali ambapo magari huegeshwa juu ya njia ya miguu. Nendeni na karatasi hiyo dukani. Nakala yake ipelekeni katika ofisi ya wadi yenu, kwa maana kizuizi kisichoripotiwa hukaa palepale.