Fua Ua la Ume Kabla Halijachanua

Anayetaka kufua pambo la majira kwa desturi ya Kijapani ashike kalenda kabla ya nyundo. Kule Kyoto, maiko, yaani wasichana wanaojifunza usanii wa geisha, hubadilisha maua ya vibanio vyao vya nywele kila mwezi: Februari ume (ua la mplamu), Aprili sakura (ua la mcheri), Novemba majani mekundu ya momiji. Na wajuzi wa adabu ya kimono hulivaa ua kabla halijachanua. Likishamiri mtini huliweka kando, maana nani atashindana nalo? Basi pambo la ume liwe tayari Januari.

Mwanafunzi aanze na ume huohuo. Petali zake tano ni za mviringo mtupu. Za sakura zina pengo dogo kwenye ncha, nalo husumbua tupa. Ukilisahau, mnunuzi wa Kijapani atakushukuru kwa ua la ume ambalo hakuagiza.

Chukua bamba la shaba nyekundu la unene wa milimita 0.8. Chora ua la upana wa milimita 25, ulikate kwa msumeno wa sonara, kingo uzilainishe kwa tupa. Lipashe moto mpaka liwe jekundu hafifu, ulitumbukize majini. Usiruke hatua hii: shaba iliyokakamaa hupasuka ikifuliwa. Lilaze kifudifudi juu ya gogo lenye kishimo, upige kila petali kwa nyundo ya mbao mpaka itune. Ikianza kukaza, ipashe tena. Geuza, kisha kwa msumari butu chora nyuzi na vitone vya katikati. Pini ya nyuma ichomelewe sasa, kwa kuwa moto utaharibu rangi inayofuata.

Wajapani wana shakudo, shaba yenye dhahabu kidogo inayogeuka nyeusi ya samawati, lakini gharama yake si ya kujifunzia. Yai linatosha. Safisha ua kwa limau na chumvi, ulisuuze, ulikaushe. Ponda yai lililochemshwa likiwa bado moto, ulifungie koponi pamoja na ua, visigusane. Salfa ya yai huigeuza shaba kuwa ya hudhurungi, halafu nyeusi. Chungulia mara kwa mara, ulitoe rangi ikikupendeza. Sugua migongo ya petali kwa msasa laini, giza libaki mabondeni, umalizie kwa nta.

Mteja akitaka pambo la mwaka mzima, muunganishie sakura na momiji. Mchanganyiko huo Wajapani wenyewe huuvaa bila kujali mwezi.