Kakao hii imetoka shamba gani?



Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inasema hivi: kakao yenye imelimwa mahali pori lilikatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020 haitaingia soko lao. Huku Beni wengi walisema ni makaratasi tu ya Wazungu. Mimi pia niliwaza hivyo.

Lakini tuangalie chenye inaomba. Shamba lenye halipiti hekta 4, alama moja ya GPS inatosha, na telefone inaweza kuichukua. Lenye kupita hapo, unazunguka mipaka yote.

Koperative yenye imeandika hekta na miti ya kila memba inaweza kukadiria kilo za msimu. Njo hapo faida iko. Mwenye hekta moja akileta mzigo wa hekta tatu, karani atamuuliza: hizi zingine ni za nani? Pengine ni za jirani mwenye alikimbia vita, na wengine wanavuna shamba lake. Pengine zimetoka ndani ya Parke ya Virunga. Zikichanganywa na zetu, loti nzima inaharibika, hata ya mwenye hana kosa.

Kazi hii ina gharama. Kwa maoni yangu mnunuzi alipe sehemu, na iandikwe mu mkataba mbele ya kupima gunia la kwanza.

Memba mwenye hawezi kufika shambani juu ya usalama, musimfute kwa daftari. Muandike jina, kijiji na majirani wa mipaka. Alama ya GPS itachukuliwa siku njia itafunguka.